Kichaka Nyuma ya Nyumba ya Cucu

Mimi ni mtu wa mistari. Sijivunii, nasema tu ili ijulikane nilikotoka. Nyumbani Kanyakine, shamba la mama yangu ni ekari moja na robo, na hakuna hatua moja ya ardhi hiyo iliyoachwa ijiamulie mambo yake. Kahawa iko kwenye mstari, migomba iko kwenye mstari, na mpakani imesimama mikima, ile miti mirefu ya majani ya kijivu ambayo kwetu kila mtu hupanda kwa ajili ya mbao na kuni. Tuliipanda kwa kamba iliyofungwa kwenye vijiti viwili. Mama alishika kijiti kimoja, mimi nikashika cha pili, na nikilegeza kamba hata kidogo nilisikia jina langu likiitwa kwa sauti iliyofika kwa jirani wa tatu. Ukipita kwa mtu ukakuta nyasi zimepita goti, ulijua mwenyewe ni mgonjwa, au amefiwa, au ni mlevi. Hatukujua sababu ya nne.

Kwa hivyo nilipotumwa kufundisha Siakago, kule chini kwenye joto la Mbeere, niliona vichaka vimejaa kila upande na nikawahurumia watu wa huko. Nilijiambia kwamba wamelala. Ndivyo nilivyofikiri, na afadhali niseme mwenyewe kabla sijasemewa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nafundisha Kiswahili na Jiografia, na nilidhani serikali imenituma niwaamshe.

Nilipanga chumba katika boma la mjane mmoja, nusu saa kwa miguu kutoka shuleni. Nilimwita Cucu, yaani nyanya, kama walivyomwita wote. Yeye aliniita Mwalimu, hata siku ile malaria iliponiangusha akanivua viatu na kunilisha uji kwa kijiko. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alikuwa na tabia ya kukubali unalosema kabla hujamaliza kulisema. Baadaye nilielewa kwamba kukubali huko kulikuwa heshima tu. Wakati ule nilidhani nina hoja nzito.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichaka cha ekari mbili hivi. Kilikuwa na migunga, mururuku, na vijiti vya miiba ambavyo sikuvijua majina. Ndani yake ilining'inia mizinga kumi na saba ya magogo, kila mmoja umechomwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto. Marehemu mume wake ndiye aliyeichonga na kuitundika. Kwao mwanamke hapandi mtini kurina asali, kwa hivyo kazi hiyo ilifanywa na kitinda mimba wake, aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki mjini Embu na kuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kazi ya Cucu ilikuwa kusikiliza. Alikuwa na mwanzi mrefu, mkavu, uliong'aa kwa kushikwashikwa. Alisimama chini ya mti, akagusisha ncha moja kwenye mzinga, ncha nyingine akaiweka sikioni, akafumba macho. Kisha alisema, "Huyu amejaa," au "Hawa wanapigania malkia," au "Wacha wiki mbili." Mwanawe aliniambia hajawahi kumwona akikosea.

Mizinga ile ilikuwa na kazi moja kubwa iliyobaki. Wana wawili wakubwa wa Cucu walikuwa wameoa, na wote wawili walipeleka mahari pamoja na asali ya mizinga ya baba yao. Mzee, alipokuwa amelazwa kwa ugonjwa uliomuua, aliagiza kwamba kitinda mimba naye aende na asali hiyo hiyo. Cucu alinisimulia jambo hili wiki ya kwanza tu niliyohamia, tukichambua ndengu barazani. "Asali ya kununua ni ya kuweka kwa chai, Mwalimu," alisema. "Huwezi kuomba mtoto wa watu na kitu ya kununua." Kijana alikuwa tayari amepata mchumba, binti wa upande wa Runyenjes anayefundisha watoto wa chekechea. Kilichobaki ni siku kupangwa.

Sasa nieleze hofu yangu, kwa sababu ilikuwa ya kweli, na baadaye wako waliodhani nilifanya yote ili nipigwe picha. Kanyakine, asubuhi isiyo na mawingu, tunauona mlima ule wa theluji. Nilipokuwa mtoto, kilele kilikuwa cheupe hivi kwamba mama alinionyesha kwa kidole akisema Mungu ameanika shuka. Siku hizi lazima uutafute huo weupe, na mara nyingi unapata jiwe jeusi tu. Mwaka ule walimu walezi wa vyama vya mazingira tuliitwa kwenye semina mjini Embu. Tulionyeshwa picha mbili za mlima, ya zamani na ya sasa, zimewekwa bega kwa bega. Wengine walikuwa wakinong'ona kuhusu chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nikiitafuta shuka ya mama kwenye picha ya pili. Jioni hiyo mama alinipigia simu akaniambia kahawa imechanua mwezi usio wake, na kijito cha bondeni kimeanza kukatika hata kabla ya Januari. Aliniuliza mimi, kwa sababu nimesoma Jiografia, kwamba hii mvua imekuwaje. Nililala nikiwa na hofu na nikaamka nikiwa na ari, na siku hizi naiogopa ari hiyo kuliko hofu yenyewe.

Mradi uliotuita kwenye semina ulikuwa ukitoa miche bure kwa shule. Masharti yalikuwa machache: ardhi iwe imefyekwa na kusafishwa, mashimo yawe kwenye mistari, nafasi iwe sawa, kuwe na ubao wenye jina la shule, na picha zipigwe kabla na baada. Tuliruhusiwa kuchagua aina ya mti. Kiwanja cha shule yetu ni mwamba mtupu, mche ungehitaji baruti. Nikafikiria kile kichaka.

Nilimwendea Cucu barazani nikamweleza kuhusu joto la dunia, moshi wa viwanda, na hewa ambayo miti huisafisha. Nilieleza vizuri, hiyo ndiyo kazi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akageuka akakitazama kichaka.

"Mwalimu," akasema, "na hii iko hapa si miti?"

Nilicheka. Nakumbuka vizuri nilivyocheka, kwa upole, kama unavyomchekea mtoto aliyejibu swali kwa ujasiri lakini amekosa.

"Cucu, hivi ni vichaka tu. Miti ni ile ya kupandwa."

"Na nyuki?"

"Nyuki watapata miti mizuri zaidi. Mirefu, iliyonyooka."

Alifikiri kidogo. Kitinda mimba wake, aliyekuwa amekuja kwa mazishi ya jirani, akasema kwamba mambo ya climate ndiyo habari ya mjini sasa, na kwamba shamba likiwa na mradi lina jina. Cucu akasema basi, kama Mwalimu amesema, Mwalimu amesoma. Na mimi, niliyewafundisha watoto wa watu methali ya usiache mbachao kwa msala upitao, nikaifundisha hata wiki ile ile kidato cha pili, nikashukuru na kwenda kuandika barua ya kuomba miche mia nne ya mikima.

Tulifyeka Jumamosi mbili. Wanafunzi wa chama changu walikuja na mapanga wakiimba. Migunga ni migumu, ilitukata mikono na kuturarua nguo, na mimi niliuona ugumu huo kama ukaidi. Kwenye ukingo tuliacha miti mitano mikubwa, na kijana wa Cucu akahamishia mizinga yote huko, akaumwa na nyuki mpaka jicho moja likafumba. Ndege walipiga kelele juu yetu mchana kutwa. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alinijia amebeba kobe mikono miwili, mwangalifu kama aliyebeba sufuria ya maziwa.

"Madam, huyu tumpeleke wapi?"

"Mweke tu chini," nikamwambia. "Anajua njia."

Alimweka kwenye ardhi tupu. Kobe akatoa kichwa, akatazama, akakirudisha. Sikukaa kuona alikoelekea, nilikuwa na kamba ya kunyoosha.

Siku ya kupanda mchungaji aliiombea miche, mwalimu mkuu akahutubu, tukapigwa picha. Ninayo hadi leo, nimejifunga kitambaa kizuri cha kichwa na nimeshika mche kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nilimtumia mama. Alijibu kwamba mistari imenyooka. Nilifurahi wiki nzima kwa neno hilo moja.

Mvua za Oktoba, ambazo ndizo tegemeo la Mbeere, zilinyesha siku kumi na mbili kisha zikaacha. Tulisubiri zirudi. Watu walipanda ndengu zikachipuka, zikakauka zikiwa urefu wa kidole. Niliwaamuru wanafunzi wangu kila mmoja aje na kibuyu cha lita tano cha maji kutoka kwao, na wengine kwao walikuwa wakiyatafuta maji hayo umbali wa saa nzima. Walikuja nayo bila kunung'unika, wakayamwaga kwenye mashina ya mikima, na udongo ukayameza kwa sauti. Cucu naye alichota kwenye tangi lake kisirisiri, akidhani sioni. Kisha mchwa wakaja. Tulikuwa tumechoma kila kijiti kikavu kilichokuwa chakula chao, na kilichobaki cha kuliwa ni miche ya serikali na ya Mwalimu. Uliushika mche uliosimama vizuri ukabaki nao mkononi, chini hakuna mzizi. Kufikia Februari niliihesabu iliyo hai kwa vidole vyangu, na sikuhitaji vidole vya miguu.

Upepo nao ulipata njia. Zamani kichaka kilikuwa kikiuzuia, sasa ulipiga moja kwa moja mpaka jikoni, vumbi likaingia kwenye unga. Kuni ambazo Cucu aliziokota nyuma ya nyumba sasa alizifuata mtoni. Hakulalamika. Alisema, "Jua ya mwaka huu ni mbaya, Mwalimu."

Na mimi nilikubali kwamba ni jua. Mabadiliko ya tabianchi yalinifaa sana mwaka ule. Ukiniuliza kwa nini miche imekufa, nilikuwa na jibu kubwa la dunia nzima, lenye michoro. Lakini usingizi ulinipaa, kwa sababu nilikuwa na macho. Kwenye shamba la jirani, ng'ambo ya ua, kichaka chake kilisimama. Kilikuwa kimepukutisha majani na kutulia, kikisubiri. Kichaka kile kilikuwa kimepita viangazi vingi kabla yangu na kilijua la kufanya. Kitu kilichojua kuishi na ukame ndicho nilichokikata kwa kuogopa ukame. Nililijua hilo Februari, nikalijua Machi, na kulijua hakukunisaidia kitu.

Siku moja asubuhi nilimkuta Cucu kwenye ile miti mitano na mwanzi wake. Alikuwa akienda mzinga hadi mzinga. Aliporudi kwenye wa kwanza na kuanza tena, nikajua. Nilimsogelea. Alinipa mwanzi bila kuniangalia. Niliweka ncha juu, nyingine sikioni, nikafumba macho kama nilivyomwona akifanya. Nilisikia sikio langu mwenyewe likivuma.

"Wameenda," akasema. "Wangekula nini?"

Nilianza kusema. Nilisema, "Cucu, mimi ndiye..." Akanikatiza kwa upole, akinipokonya mwanzi.

"Wewe hukufunga mvua, Mwalimu."

Ofisa wa mradi alikuja Machi kukagua. Alikuwa kijana mstaarabu, amechoka, viatu vimejaa vumbi la shule nyingine nne. Aliangalia mistari ya mashimo matupu akasema hiyo ni kawaida, tutaletewa mingine. Nilimweleza kuhusu mizinga. Nilimweleza kuhusu kichaka kilichokuwapo na mikima niliyoichagua mwenyewe kwa sababu kwetu mti ni mkima. Alinisikiliza kwa makini. Kisha akafungua fomu yake, akaitazama juu mpaka chini, akanionyesha kwamba hakuna mahali pa kuandika hayo.

"Madam, ukweli nyuki si upande wetu," akasema. "Hiyo ni department ingine. Sisi tuko na climate."

Hakusema kwa dharau. Alinipa hata jina la ofisi. Nikaenda kwenye ofisi hiyo nyingine, ambako walinielewa haraka mno. Walisema shida ni mizinga ya kizamani, wakaniandikisha, na baada ya miezi miwili wakaleta masanduku manne ya kisasa yaliyopakwa rangi ya manjano, yenye vifuniko vya bati. Nikauliza kuhusu maua. Wakasema maua ni mambo ya misitu. Masanduku tukayaweka, yakakaa matupu. Kuku mmoja wa Cucu aliingia katika sanduku la tatu akataga mayai kumi na moja na kuyaatamia, na hayo ndiyo mafanikio pekee ambayo mradi ule ulipata. Cucu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kisha nikaingia chumbani nikalia kwa hasira, na sikujua hasira hiyo niielekeze kwa nani. Ofisa alikuwa mwema, wa masanduku alikuwa mwema, mchungaji alikuwa ameomba kwa moyo wote.

Siku ya mahari ikapangwa mwezi wa Agosti. Wakwe walikuwa wamesubiri vya kutosha na binti hakuwa akirudi nyuma kwa umri. Cucu hakuniomba kitu. Mimi ndiye niliyejitwika jukumu la asali, na nani angekuwa mwingine? Niliuliza Siakago yote. Wenye mizinga walikuwa wamepata kidogo na wameitunza kwa mambo yao. Ndugu yangu ana kibanda Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi wa chuo, anauza mkate, vocha na kila kitu, na akaniambia anayo asali halisi kutoka Tharaka. Nikaifuata. Ilikuwa nzuri kwa macho, nyekundu na nzito, nikaimimina kwenye kibuyu cha zamani cha mzee ambacho Cucu alikitoa chini ya kitanda.

Alichovya kidole akaonja. Nilimtazama usoni. Aliula ule utamu taratibu, akameza, akafuta kidole kwenye leso.

"Hii imeonana na sukari," akasema.

"Niirudishe?"

"Utarudisha ulete gani?" Akafunga kibuyu kwa kifuniko chake cha ngozi, akakikaza. "Wacha iende."

Nilienda nao Runyenjes, nikiwa mmoja wa wanawake waliobeba vikapu. Wazee wa upande wa binti walipokea kibuyu, wakamimina kidogo kwenye kikombe, wakakizungusha. Cucu alikuwa ameinamisha kichwa akitazama mikono yake. Mimi nilitaka mmoja wao akasirike. Nilitaka aseme hii siyo, mtu aulizwe, nami nisimame mbele ya watu niseme lililotokea. Mzee wa kwanza akaonja akampa wa pili. Wa tatu akatabasamu akasema, "Asali ya siku hizi," na wote wakacheka kidogo, na kikombe kikawekwa kando. Hata wao walikuwa na mizinga mitupu nyumbani. Walitupokea, tukala, tukaimba, kijana akapewa mkewe. Njiani tukirudi Cucu alisema tu kwamba marehemu mzee wake angeijua.

Mvua za Oktoba iliyofuata zilikuja vizuri. Nilikuwa nimeacha kwenda nyuma ya nyumba, lakini asubuhi moja nilifuata kuku wa Cucu huko na nikasimama. Katikati ya mistari yangu iliyokufa, visiki vya migunga vilikuwa vimechipua. Vichipukizi vilikuwa virefu kufikia kifundo cha mguu, vya kijani kibichi, vyenye miiba laini ambayo haijajua kuchoma. Mururuku nao ulikuwa umetoa majani. Havikuwa kwenye mstari wowote. Nilichuchumaa nikavigusa kimoja kimoja, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya picha.

Kuanzia hapo nilienda kila asubuhi kabla ya kazi. Niliwakataza wanafunzi wa chama wasikanyage wala wasipalilie. Msichana wa kobe, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili, aliniuliza kwa nini, nikamwambia tunafanya uchunguzi. Vilifika gotini. Nilipiga hesabu kichwani ya miaka mingapi mgunga huchukua hadi kutoa maua, na ilikuwa miaka mingi, lakini nilikuwa tayari kupanga chumba kile miaka hiyo yote.

Sikumwambia Cucu. Hapa ndipo ninaporudi kila ninapokosa usingizi. Kumwambia kungenilazimu kuanza mwanzo, kusema kwamba siku ile barazani yeye ndiye alikuwa amejibu sawa. Nilikuwa nimejaribu mara moja chini ya mizinga akanikatiza, na mara ya pili niliona haya. Nilijiambia ataviona mwenyewe vikikua, vitamweleza vizuri kuliko mimi.

Novemba mwalimu mkuu alinipa barua. Mradi ungeleta miche mingine mia nne, na safari hii wangekuja wageni wakubwa pamoja na wapiga picha, siku ya Ijumaa. Nilimwomba tutafute ardhi nyingine. Akasema ardhi ni ile iliyo kwenye fomu. Nikapanga nitawaeleza wageni wenyewe, pale pale, nionyeshe machipukizi kwa kidole, niseme hiki ndicho tukitunze, na mkitaka kuongeza basi mtuletee mukau na miti mingine ya huku. Niliandika maneno hayo kwenye karatasi. Alhamisi jioni, tukila, nilimwambia Cucu kwamba wageni wanakuja na kwamba nina wasiwasi.

"Wasiwasi ya nini?"

"Ya shamba, Cucu. Vile litaonekana."

Nilikuwa nimechoka, na nilidhani nimesema vya kutosha.

Niliamka kukiwa kumekucha, nikasikia jembe. Lilikuwa likipiga nyuma ya nyumba, polepole, kwa mpigo wa mtu aliyeanza zamani na sasa anamalizia. Nilitoka na kandambili. Cucu alikuwa ameinama mwishoni mwa shamba, sketi ameifunga kiunoni, na nyuma yake, kati ya mistari ya mashimo, kila palipokuwa na chipukizi palikuwa pekundu na safi, pamegeuzwa. Machipukizi yalikuwa yamelundikwa ukingoni chini ya mizinga, na mizizi yake mirefu, myeupe, ikiwa juu. Kwa umri wake sijui alianza saa ngapi.

Alinyooka aliponiona, akashika mgongo. Alikuwa akitabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo.

"Nimekusaidia, Mwalimu. Wageni wasikute vichaka." Akaonyesha lile rundo. "Nimetoa na mizizi. Haitakusumbua tena."

Nilienda nikamshika mikono. Viganja vilikuwa vimejaa miiba, mingine imekatikia ndani, na damu ilikuwa imechanganyika na udongo. Nilimketisha kwenye ukingo, nikachomoa pini kwenye nguo yangu, nikaanza kuitoa mmoja mmoja. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo nikasema asante. Alisema si kitu, sisi ni watu wa nyumba moja. Juu yetu upepo ulikuwa ukigonganisha mizinga mitupu.

Gari likapiga honi barabarani. Cucu akavuta mkono wake kabla sijamaliza, akanisukuma begani.

"Enda, Mwalimu, usiweke watu wakingoja," akasema. "Sasa mistari inaonekana."